Umeme, Barafu Iliyozikwa na Visima vya Micheweni

Hotuba iliyotolewa Chake Chake, Pemba, mbele ya wanafunzi wa skuli za sekondari, walimu wao na mafundi wa maji

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, walimu wenzangu, mafundi, na nyinyi vijana mliosimama hadi mlangoni, ahsanteni kwa kuja. Nimeambiwa wapo waliotoka Konde na Makangale tangu alfajiri. Mwenyezi Mungu awalipe kheri.

Barafu tunayoijua sisi ni ya kuhifadhia samaki. Hata hivyo barafu ya mbali imeshawahi kuamua ufuo wetu uwe wapi. Miaka kama 20,000 iliyopita maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda juu ya Kanada na Ulaya ya Kaskazini, na bahari ikawa chini kuliko leo kwa kiasi cha mita 120. Mkondo ulio baina ya Unguja na bara una kina cha makumi machache tu ya mita, kwa hiyo ulikauka, Unguja ikawa sehemu ya bara. Katika pango la Kuumbi, kule Jambiani, watafiti wa mambo ya kale wamechimbua mifupa ya pundamilia, mnyama ambaye leo hayupo kisiwani. Nyinyi wa Pemba mkondo wenu una kina cha mamia ya mita, na hata wakati ule mlibaki kuwa kisiwa.

Barafu ile ilikuwa juu ya ardhi, na kila mtu angeiona kwa macho. Mimi leo nataka kuzungumzia iliyo ndani ya ardhi, imefunikwa na udongo na majani, mtu anapita juu yake bila kujua. Nataka mjue inatafutwaje kwa umeme, kwa sababu chombo kinachoitafuta ni kile kile ambacho sisi watafuta maji tunakibeba kwenye uwanda wa Micheweni na Makunduchi. Na wenzetu wanaokitumia huko kwenye baridi wamejifunza jambo moja ambalo sisi hapa bado hatulifanyi. Nitalifikia.

Ardhi ikikaa kwenye sifuri ya selsiasi au chini yake kwa miaka miwili mfululizo au zaidi, inahesabiwa kuwa ni ardhi ya mgando wa kudumu. Angalieni vizuri: kinachotajwa hapo ni joto peke yake. Mwamba mkavu wenye nyuzi tano chini ya sifuri ni mgando wa kudumu hata kama hauna tone la maji ndani yake. Na udongo ambao zaidi ya nusu yake ni barafu tupu, nao ni mgando wa kudumu. Kwenye ramani vyote viwili vinapakwa rangi moja. Anayetaka kujenga nyumba, kupitisha bomba au kutandika barabara, rangi hiyo haimsaidii kitu. Anataka kujua barafu ni kiasi gani, iko kina gani, imekaa kwa umbo gani. Mwamba mkavu ukipata joto, hakuna kitakachotokea. Udongo uliojaa barafu ukipata joto, nyumba inazama upande mmoja.

Maeneo yenye mgando huu ni karibu robo ya nchi kavu ya nusu ya kaskazini ya dunia: Siberia, Alaska, Kanada, visiwa vya Svalbard vya Norwe. Kuna pahala Siberia ambapo mgando umeshuka hadi karibu mita 1,500 chini. Juu yake kuna tabaka linaloyeyuka kila kiangazi, nusu mita kwengine, mita mbili kwengine, kisha likaganda tena. Na watu wanaishi huko. Mji wa Yakutsk, Urusi, una watu zaidi ya laki tatu, na majengo yake mengi yamesimamishwa juu ya nguzo ili joto la ndani ya nyumba lisishuke ardhini likayeyusha msingi.

Sisi jambo hili linatufikia kwa njia ya hewa. Katika ardhi hiyo kumelala mabaki ya majani, mizizi na wanyama wa maelfu ya miaka ambayo baridi imeyazuia kuoza. Kaboni iliyomo inakisiwa kuwa kati ya tani bilioni 1,400 na 1,600, karibu mara mbili ya kaboni yote iliyomo angani hivi sasa. Ardhi ikiyeyuka, vijidudu vinaanza kazi, na sehemu ya kaboni hiyo inatoka kama dioksidi ya kaboni na methani. Eneo la Aktiki limepata joto karibu mara nne kwa kasi kuliko wastani wa dunia tangu mwaka 1979. Joto linaloongezeka huko linaingia katika hesabu ile ile inayopandisha bahari hapa Wesha na Tumbe. Kwa hiyo mwenye kupima barafu iliyozikwa Kanada anapima jambo ambalo na sisi tumo ndani yake.

Sasa tuje kwenye umeme.

Mfaransa Conrad Schlumberger alianza majaribio yake ya kupitisha umeme ardhini mnamo mwaka 1911 na 1912, akitafuta madini bila kuchimba. Miaka michache baadaye, Marekani, Frank Wenner akaandika njia ya kupanga vigingi vinne kwa nafasi zilizo sawa. Majina yao bado tunayatumia kila siku kazini, kwa mipangilio miwili ya vigingi. Asili ya kazi haijabadilika: unapigilia vigingi vinne vya chuma katika mstari. Viwili unavipa mkondo kutoka kwenye betri. Viwili vyengine vinasoma volteji inayotokea baina yao. Ukijua mkondo na volteji, na ukijua vigingi vimeachana kiasi gani, unapata ukinzani wa ardhi iliyo chini yake, yaani kiasi inavyouzuia umeme kupita, na kipimo chake ni omu-mita.

Umeme unapita kule kwenye wepesi, kama watu wanaotoka Darajani mkesha wa Idi: wanafuata njia pana na kukwepa vichochoro vilivyobana. Ardhini njia pana ni maji yenye chumvi. Maji ya bahari yana ukinzani wa omu-mita 0.2 au 0.3. Maji matamu ya kisima yana kama 10 hadi 100. Mfinyanzi uliolowa aghlabu uko katika makumi. Mawe ya chokaa yaliyokauka yanafika maelfu. Barafu safi inaanzia makumi ya maelfu na kwenda hadi mamilioni. Tazameni upana wa hesabu hizo, kutoka sehemu ya kumi ya omu-mita hadi mamilioni. Vitu vichache sana vya maumbile vinapishana kwa kiasi hicho, na hiyo ndiyo sababu njia hii inafaa kwa barafu kuliko njia nyingi nyengine.

Ukivipanua vigingi, umeme unazama chini zaidi. Zamani mtu alivihamisha mkono kwa mkono, kipimo baada ya kipimo. Leo tunatandika kebo moja yenye vigingi makumi, mashine inachagua vinne vinne yenyewe, na kwa saa moja au mbili unapata mamia ya vipimo. Kompyuta inavipanga na kukuchorea mkato wa ardhi, rangi kwa rangi, kama vile umeikata kwa kisu na kuitazama ubavuni. Kina unachokiona ni kama sehemu ya sita ya urefu wa mstari. Mstari wa mita 300 utakuonesha mita 50 hivi.

Hapo ndipo penye utamu, na naomba vijana mnisikilize kwa makini, kwa sababu wengi wanaosoma habari hizi wanaishia kudhani kwamba barafu ni ukinzani mkubwa na maji ni ukinzani mdogo, basi. Mambo hayako hivyo.

Maji yaliyomo ardhini hayagandi yote kwa pamoja. Yaliyo katika vishimo vikubwa vya mchanga yanaganda karibu na sifuri. Yaliyoshikana na chembe ndogo za mfinyanzi, utando mwembamba sana, yanabaki maji hata kwenye nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Na kuna chumvi. Barafu haipokei chumvi. Kila inapokua inaisukuma nje, ikaingia katika maji yaliyobaki. Maji hayo yakazidi ukali wa chumvi, na kadiri yanavyozidi ukali ndivyo yanavyozidi kukataa kuganda. Kwa hiyo udongo mmoja unaweza kuwa na barafu na maji makali ya chumvi pamoja, chembe kwa chembe. Umeme hauna habari na ile barafu. Unafuata vijia vya maji yaliyobaki. Kwa maneno mengine, tunapopima ardhi iliyoganda, tunachokisikia hasa ni kile ambacho hakijaganda.

Mfano mzuri ni bonde la Adventdalen, karibu na mji wa Longyearbyen, Svalbard. Wakati wa enzi ya barafu uzito wa barafu uliikandamiza nchi ile. Barafu ilipoondoka, bahari iliingia ndani ya bonde, ikatandaza matope yake kwa maelfu ya miaka. Kisha nchi ikainuka polepole, bahari ikarudi nyuma, na yale matope ya chumvi yakabaki hewani katika baridi kali, yakaganda. Leo sehemu za chini za bonde hilo zina mfinyanzi wa baharini ulioganda. Joto liko chini ya sifuri, kipimajoto kinathibitisha. Lakini ukipitisha umeme unapata ukinzani mdogo, makumi au mamia ya omu-mita, ambao mtu asiyeijua historia ya bonde angesema: hapa hapajaganda. Angekosea kabisa. Panda juu kidogo bondeni, kwenye changarawe za mto ambazo bahari haikuzifikia au chumvi yake imeshaoshwa, ukinzani unaruka hadi maelfu na makumi ya maelfu, ilhali joto la ardhi ni lile lile.

Mimi jambo hili linanigusa sana kwa sababu ni letu. Mara ngapi hapa Pemba tumepima ukinzani mdogo karibu na pwani na mtu akasema maji ya chumvi haya, kumbe ni mfinyanzi mtupu, na chini yake pana maji matamu? Adventdalen na Micheweni hazifanani kwa lolote la juu ya ardhi, lakini swali la mpimaji ni moja: chumvi ilifikaje hapa, na imebaki wapi?

Katika bonde hilo hilo kuna vilima vinavyoitwa pingo. Neno limetoka kwa wenyeji wa Aktiki ya Kanada, na sayansi imelichukua kama lilivyo. Pingo ni kilima cha udongo chenye moyo wa barafu. Vipo vya aina mbili, na njia zao za kuzaliwa ni tafauti kabisa.

Aina ya kwanza inazaliwa ziwa linapokauka. Chini ya ziwa lenye kina ardhi huwa haijaganda, kwa sababu maji ya ziwa huilinda na baridi. Ziwa likitoka maji, baridi inaanza kuingia kutoka juu na kutoka pembeni, ikiuzingira mchanga uliojaa maji. Maji yanapoganda yanachukua nafasi kubwa zaidi. Yaliyobaki yanabanwa, hayana pa kwenda, mwishowe yanasukuma juu pale ambapo kifuniko ni chembamba, na huko yanaganda kuwa donge kubwa la barafu. Kilima kinainuka mwaka hadi mwaka. Katika rasi ya Tuktoyaktuk, Kanada, kuna pingo takriban 1,350. Kubwa lao, Ibyuk, lina urefu wa mita 49 hivi na upana wa mita 300 kwenye tako lake, na umri wake unapita miaka elfu moja. Mkanada J. Ross Mackay aliitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuvipima vilima hivi. Mwaka 1978 alikausha ziwa moja kwa makusudi, Illisarvik, ili aone kwa macho yake mgando unavyoingia katika ardhi ambayo haikuwa nao. Ziwa hilo lilikuja kuwa uwanja wa vipimo kwa watafiti kwa miaka mingi baadaye. Nawaheshimu sana watu wa aina hiyo, wanaoanza kazi ambayo wanajua wao wenyewe hawataimaliza.

Aina ya pili, ndiyo ya Adventdalen, inalishwa kutoka chini. Maji yaliyo chini ya mgando yana msukumo, yanatafuta ufa, yanapanda, yakikaribia juu yanaganda na kuinua ardhi. Baadhi ya pingo hizo zina chemchemi inayochuruzika hata katikati ya majira ya baridi, na maji yake yanatoka na gesi ya methani.

Kwa juu, kilima na kilima havipishani. Umeme ndio uliopeleka watafiti ndani. Wametandika kebo juu ya pingo za Svalbard, wakakuta kwamba nyengine zina donge la barafu lenye ukinzani mkubwa sana, na nyengine ukinzani wake ni mdogo kuliko walivyotarajia, dalili ya barafu iliyochanganyika tabaka kwa tabaka na mfinyanzi wa chumvi. Vilima viwili vya bonde moja, matumbo tafauti. Siku vitakapoanza kuyeyuka havitaanguka kwa namna moja.

Kuna na kabari za barafu. Majira ya baridi ardhi inanywea na kupasuka. Majira ya kuchipua maji ya theluji yanaingia katika ufa na kuganda. Mwaka wa pili ufa unafunguka pale pale. Baada ya karne nyingi unapata kabari yenye upana wa mita kadhaa juu, inayochongoka kwenda chini. Ukiruka na ndege unaziona zimeigawa nchi kama wavu. Kwa umeme kabari inatoka kama doa la ukinzani mkubwa kati ya udongo wa ukinzani mdogo, lakini lazima vigingi vikaribiane sana, vyenginevyo utaivuka usiione.

Kazi yenyewe ni ngumu. Kigingi lazima kigusane na ardhi vizuri ili umeme uingie, na ardhi iliyoganda, au lundo la mawe makubwa yenye nafasi za hewa kati yake, haikubali. Wapimaji wanabeba maji ya chumvi na kuyamimina kwenye kila kigingi, au wanafunga sponji iliyolowa chumvi na kuibana kati ya mawe. Mafundi mliopo hapa mnatabasamu, kwa sababu mnalijua hilo. Juu ya uwanda wetu wa matumbawe mtaimbo unaruka, kigingi hakiingii, na sisi pia tunatoboa jiwe kwa mashine, tunatia tope, tunamimina maji ya chumvi. Wenzetu wana na chombo kisichohitaji vigingi, cha kuburutwa juu ya theluji. Na kipo kinachoning'inizwa chini ya helikopta: mwaka 2011 kilirushwa juu ya Mabonde Makavu ya McMurdo, Antaktika, kikaonesha chini ya mito ya barafu na ndani ya mgando ukinzani mdogo mno kwa kitu kilichoganda. Watafiti wakalisoma hilo kuwa ni maji makali ya chumvi yaliyoenea chini ya bonde la Taylor. Svalbard, ukitoka nje ya mji, kikundi lazima kiwe na kinga dhidi ya dubu weupe, na mara nyingi yupo anayesimama na bunduki wenzake wakipima.

Sasa tahadhari, nayo ni kubwa. Mashine haikuletei barafu, inakuletea namba. Omu-mita 50,000 inaweza kuwa barafu. Inaweza kuwa mwamba mkavu. Inaweza kuwa hewa, pango au nafasi baina ya mawe. Hapa kwetu hakuna barafu ya kutuchanganya, lakini pango kavu na jiwe kavu yanatuchanganya kila siku. Zaidi ya hapo, ule mkato mzuri wa rangi unaochorwa na kompyuta ni mmoja tu kati ya mingi inayoweza kutoa vipimo hivyo hivyo. Programu kwa kawaida inachagua ulio laini kuliko yote, na ukingo wa barafu ambao kwa kweli umekatika kama ukuta unaonekana kama umefifia polepole. Na chini ya donge kubwa la barafu umeme haupenyi vizuri, kwa hiyo kina cha mwisho wa barafu kikisomwa kwenye picha kisiaminiwe.

Dawa yake ni kuuliza kwa njia nyengine. Unapiga nyundo kwenye bamba la chuma na kupima mtikisiko unavyosafiri: katika barafu karibu mita 3,500 kwa sekunde, katika maji 1,500, katika hewa 330. Barafu na pango, ambavyo kwa umeme vinafanana, hapo vinaachana mbali. Unatumia rada. Na mwisho unachimba, hata tundu moja, ukaona kwa macho. Ambaye hana tundu hata moja la kuthibitishia asiseme kwa sauti kubwa.

Nimeahidi kueleza jambo tusilolifanya. Ni kurudia.

Katika mlima Schilthorn, Uswisi, wamepima umeme kwenye mstari ule ule tangu mwaka 1999. Hapo si ncha ya dunia, lakini mlima una mgando wa kudumu. Vigingi waliviacha ardhini. Kwa nini ni jambo kubwa? Kwa sababu mashaka mengi niliyoyataja sasa hivi yanapungua. Ikiwa jiwe ni lile, vigingi ni vile, nafasi ni zile, basi kilichobadilika baina ya mwaka na mwaka ni joto na maji, kwa sehemu kubwa sana. Hujui kwa hakika kila rangi ni kitu gani, lakini unajua nini kimebadilika, wapi, na kwa kiasi gani. Mwaka 2003 Ulaya ilipata joto kali la kiangazi. Tabaka linaloyeyuka pale Schilthorn, ambalo kawaida lilikuwa kama mita tano, lilishuka hadi karibu mita tisa, na ukinzani ukaanguka. Ule mstari uliweka ushahidi kwa sababu ulikuwepo kabla. Ungetandikwa mwaka 2004 usingesema kitu.

Katika kisiwa cha Deception, Antaktika, wameweka mashine inayojipimia yenyewe kila baada ya saa chache, na kwa mwaka wa 2010 ikaonesha tabaka la juu likiganda na kuyeyuka karibu siku kwa siku, wakati hakuna binadamu aliyesimama pale. Na hivi sasa wataalamu wa nchi nyingi wanakusanya vipimo vya zamani vya umeme, vya miongo iliyopita, ili wavirudie pale pale.

Sisi je? Tunapima mara moja. Mwenye kisima anataka kujua achimbe wapi, tunakwenda, tunatandika kebo, tunampa jawabu, tunang'oa vigingi, tunaondoka. Ripoti inakwenda kabatini. Miaka sita baadaye kisima kimekuwa cha chumvi, na hakuna anayejua chumvi ilianza kupanda lini, wala ilitokea upande gani.

Nyote mnajua maji yetu yamekaaje. Chini ya kisiwa maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari, kwa sababu ni mepesi zaidi. Pale ambapo hayachanganyiki, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 chini yake. Upande wa pili wa hesabu hiyo ndio wa kutisha: pampu ikishusha maji nusu mita tu, mpaka wa chumvi chini, ukipewa muda, unaweza kupanda mita 20. Kwenye uwanda wa matumbawe, jiwe limejaa matundu, bahari inaingia na kutoka, bamvua na maji mafu yanasikika ndani ya visima vilivyo mbali na ufuo. Na baina ya maji matamu na maji ya chumvi ukinzani unapishana kwa makumi ya mara. Ni kitu kinachofaa mno kupimwa kwa umeme, na kwa kurudia.

Kwa hiyo naomba tuanze. Napendekeza Micheweni, kwa sababu watu wa huko ndio wanaopata tabu ya maji kuliko wengi, na kwa sababu jiwe lake ni gumu kiasi kwamba kigingi kikishaingia hakitoki. Mstari mmoja kutoka karibu na ufuo kwenda bara, mita 400 hivi. Vigingi vya chuma kisichoshika kutu, vimetobolewa jiwe, vimeshindiliwa tope, vichwa vimefunikwa ili mbuzi na watoto wasijikwae. Kando yake kisima kimoja kisichopigwa pampu, ambacho ndani yake tutashusha kipima chumvi na kulinganisha na picha ya umeme. Kebo na mashine havitakaa hapo. Vitaletwa siku ya kupima na kurudi.

Tupime mara nne kwa mwaka angalau: mwisho wa kaskazi, kabla ya mvua, ambapo maji matamu yamepungua kabisa, baada ya masika, wakati wa kusi, na baada ya vuli. Kila safari tupime wakati wa bamvua na turudie wakati wa maji mafu, vyenginevyo tutadhani mabadiliko ya maji kupwa na kujaa ni mabadiliko ya mwaka. Miaka mitatu ya mwanzo haitatupa habari kubwa. Naomba mlikubali hilo tangu leo, kwa sababu kazi ya namna hii inakufa pale wakubwa wanapouliza matokeo mwaka wa pili.

Vipimo viwekwe skuli, katika daftari na katika kompyuta, kwa mpangilio ambao mtoto wa darasa la kumi ataweza kuufungua na kuuelewa. Visiwekwe kwa mtu mmoja. Mimi mwenyewe nitakabidhi kila ninachopima siku ile ile.

Kwa masheha na wenye mashamba ambayo mstari utapita: tutakuja kwenu kabla ya kigingi cha kwanza, tukae, muoneshwe kila kitu. Mkondo tunaoutumia unaweza kumdhuru mtu akishika kigingi wakati mashine inafanya kazi, kwa hiyo siku za kupima tutaweka walinzi kila upande na tutatangaza msikitini na skuli jana yake. Siku nyengine zote vigingi ni chuma tu, havina umeme.

Vijana mnaotaka kushiriki, andikisheni majina kwa walimu wenu wa fizikia na jiografia. Tunahitaji wanaojua kompyuta, wanaopenda hesabu, na wenye mikono ya kushika mtaimbo jua la saa sita. Wasichana msikae nyuma. Mimi nimeshika mtaimbo kwa miaka mingi na bado naushika. Mafundi, naomba tubaki baada ya sala ya adhuhuri tuangalie pamoja ramani ya visima vilivyokwisha kuachwa Micheweni, tuone kipi kinaweza kusafishwa kikawa kisima chetu cha kulinganishia.

Sasa maswali. Naona mwalimu kule nyuma amenyanyua mkono tangu nilipotaja Adventdalen.